Sekunde 5.6 za Mill Avenue

Usiku wa Machi 18, 2018, inakaribia saa nne, mwanamke wa miaka 49 alikuwa anavuka Mill Avenue katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, Marekani. Baiskeli yake hakuipanda, aliisukuma, na mifuko ya plastiki ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Gari aina ya Volvo XC90 lilikuwa linakuja kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Lilikuwa gari la majaribio la Uber, linajiendesha lenyewe, na kwenye kiti cha dereva alikaa mtu mmoja anayelipwa ili alitazame likienda. Rada ilimnasa yule mwanamke sekunde 5.6 kabla gari halijamgonga na kumuua.

Kwa mwendo ule, sekunde 5.6 ni zaidi ya mita 100 za barabara. Dereva wa kawaida akimwona mtu kwa umbali huo anaachia mafuta, anapiga honi, na ikibidi anasimama kabisa. Gari lile halikufanya lolote kati ya hayo. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza tukio hilo hadi Novemba 2019, na nimeirudia ripoti yake mara nyingi kuliko hati yoyote ya ajali niliyowahi kushika. Programu ya gari ilimwita yule mwanamke gari, kisha ikamwita kitu kisichojulikana, ikarudi kumwita gari, mwishowe ikamwita baiskeli. Kila ilipombadilisha jina, ilisahau alikotokea, kwa hiyo haikuweza kutambua kwamba kitu kile kile kimekuwa kikisogea hatua kwa hatua kuelekea mbele yake. Na kuna jambo lililonikaa kooni mpaka leo: programu ile haikuandikwa kumfikiria mtu anayevuka nje ya zebra. Kwake, mtembea kwa miguu aliwezekana kuwapo kwenye kivuko tu.

Isome sentensi hiyo ukiwa umesimama Buguruni, au Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, magari yakiwa mengi na watu wakirudi makwao.

Zilipobaki sekunde 1.2 gari liligundua kwamba litagonga. Hata hapo halikufunga breki, kwa sababu wahandisi walikuwa wameliwekea subira ya sekunde moja. Walihofia breki za bure, zile gari linapojisimamisha kwa kuogopa mfuko wa plastiki unaopeperuka. Kupungua mwendo kulianza zikiwa zimebaki sekunde 0.2. Volvo yenyewe ilitoka kiwandani na breki yake ya dharura, lakini breki hiyo ilikuwa imezimwa kila kompyuta ya Uber inaposhika usukani, ili mifumo miwili isigombane.

Nani alishtakiwa? Uber na familia ya marehemu walimalizana nje ya mahakama ndani ya wiki mbili. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hakuna msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mtu aliyekaa kwenye kiti ndiye aliyefunguliwa kesi mwaka 2020, kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Mwaka 2023 alikiri kosa dogo zaidi, la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza.

Simtetei mtu huyo. Polisi walisema simu yake ilikuwa inaonyesha kipindi cha televisheni, na Bodi iliuweka uzembe wake kuwa chanzo cha kwanza. Lakini ripoti hiyo hiyo inaeleza kwamba miezi michache kabla ya ajali kila gari la majaribio lilikuwa na watu wawili, kampuni ikapunguza akabaki mmoja. Inaeleza kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa maana wa kupima hatari, na kwamba jimbo la Arizona lilifungua milango bila usimamizi wa kutosha. Waliokata shauri kuhusu ile sekunde moja ya subira, kuhusu breki ya Volvo kuzimwa, kuhusu watu wawili kuwa mmoja, hakuna aliyesimama kizimbani.

Wanaoshughulika na madai ya ajali hapa kwetu wanaijua sura hii. Lori linaangukia watu mteremkoni, matairi yake vipara, breki zake za kubahatisha. Dereva anakwenda ndani. Mwenye lori, aliyeambiwa mara tatu kwamba breki hazishiki na akajibu kwamba mzigo lazima ufike, anatafuta dereva mwingine. Kwenye fidia sheria humfikia mwajiri, lakini jinai humwangukia aliyeshika usukani. Gari linalojiendesha linaizidisha dhuluma hii, kwa sababu binadamu anawekwa ndani kwa kazi ambayo maumbile yake hayaiwezi: kuitazama saa nyingi mashine isiyokosea, akiwa tayari kuidaka katika sekunde moja itakayokosea. Mlinzi wa usiku anajua macho yanavyokuwa pale ambapo hakuna kinachotokea.

Na mkono wetu umo. Mwaka huo huo wa 2018, BBC ilionyesha ofisi moja ya Nairobi, ambako vijana, wakiwamo wanaoishi Kibera, hukaa mbele ya kompyuta wakichora mipaka ya kila kilichomo kwenye picha za barabara: huyu mtu, ule mti, hii alama ya barabarani. Wanabofya nukta baada ya nukta ukingoni mwa kitu mpaka kizungukwe chote, kisha picha nyingine inafunguka. Hivyo ndivyo mashine inavyofundishwa kuona. Sisemi kwamba picha za Tempe zilipitia Nairobi. Ninachosema ni kwamba kijana wa Nairobi anayeuchora ukingo wa mtu aliyekatiza barabara popote anajua vizuri anachokitazama, maana asubuhi naye alikatiza hivyo hivyo kuja kazini. Gari lifanye nini likimwona mtu kama huyo, uamuzi huo hufanywa mbali naye, na watu wanaoishi kwenye barabara zenye zebra kila kona.

Wataalamu wameyapanga magari haya kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 5, na ngazi hizo huchanganya watu bure. Kisheria kuna mpaka mmoja tu wa kuushika, ule ulio kati ya ngazi ya 2 na ya 3. Katika ngazi ya 2 gari linaweza kukata kona, kuongeza mwendo na kufunga breki lenyewe, lakini dereva ni wewe, kwa kila sekunde. Katika ngazi ya 3 dereva ni mashine mpaka ikuite. Mercedes ilipoanza kuuza mfumo wake wa ngazi ya 3 Ujerumani mwaka 2022, ilikubaliwa kuutumia kwenye barabara kuu tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, yaani ndani ya foleni. Tesla kwa upande wake iliuza mfumo wa ngazi ya 2 kwa jina la Autopilot. Jina linaahidi rubani, kitabu cha maelekezo kinakuambia usiachie usukani, na ajali hutokea katika nafasi iliyo kati ya jina na kitabu.

Moja ya ajali hizo ilitokea Key Largo, Florida, Aprili 2019. Dereva wa Tesla aliangusha simu, akainama kuitafuta, gari likapita makutano ya barabara bila kusimama na kuligonga gari lililoegeshwa. Msichana wa miaka 22 aliyekuwa amesimama kando ya gari hilo na mpenzi wake alikufa, na mpenzi wake akaumia vibaya. Mguu wa dereva ulikuwa kwenye mafuta, na yeye mwenyewe alikubali kwamba alikosea. Kwa desturi ya miaka yote kesi ingeishia hapo. Lakini Agosti 2025 baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho mjini Miami liliugawa uzito wa kosa: asilimia 67 kwa dereva, asilimia 33 kwa Tesla, na kampuni ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 240, sehemu kubwa yake ikiwa ni adhabu. Tesla iliupinga uamuzi huo. Kiasi cha fedha hakinishughulishi sana. Mgawanyo ndio ninaoutilia maanani, kwa sababu umekiri wazi kwamba mtu anaweza kuwa mzembe na mashine ikawa na sehemu yake ya lawama, na kwamba kosa la mmoja halimsafishi mwingine.

Katika kesi hiyo kumbukumbu za sekunde za mwisho zilibishaniwa vikali. Walalamikaji walilazimika kumtafuta mtaalamu wa kuchimba kompyuta ya gari ili kupata data ambayo kampuni ilikuwa imesema haiipati. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima la dhima. Gari la kawaida likigonga, trafiki anapima alama za tairi, anachora ramani, anaandika maelezo ya mashahidi. Gari linalojiendesha likigonga, shahidi mkuu ni faili, na ufunguo wa faili uko mfukoni mwa mshtakiwa.

San Francisco ilionja hilo Oktoba 2, 2023. Mwanamke aligongwa na gari lililokuwa likiendeshwa na mtu, ambaye alikimbia, na kwa kugongwa huko akarushwa mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi ilisimama. Kisha, ikidhani imegongwa ubavuni, ikaamua kusogea pembeni ya barabara kama ilivyofundishwa, huku mwanamke akiwa chini yake. Ilimburuza takriban mita 6. Kesho yake wafanyakazi wa kampuni walikutana na wasimamizi wa serikali kwa njia ya video wakawaonyesha picha. Baadaye mawakili walioajiriwa na Cruise yenyewe walieleza kwamba waliacha video ijisemee, intaneti ikawa dhaifu, picha zikakwama, na hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba mtu aliburuzwa. Kibali cha California kilisimamishwa kabla mwezi haujaisha. Mwaka 2024 kampuni ilikiri kupeleka taarifa ya uongo, ikakubali kulipa dola 500,000 kuimaliza kesi ya jinai ya serikali kuu, na ilipofika Desemba kampuni mama, General Motors, ikaacha kabisa kuifadhili biashara hiyo ya teksi.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Ushahidi kwamba magari haya yanaweza kuokoa watu upo, na ni mzito. Mwaka 2024 Swiss Re, kampuni inayozikatia bima kampuni za bima, ilipima pamoja na Waymo, kampuni ya teksi zisizo na dereva, madai yote ya kilomita zaidi ya milioni 40 zilizoendeshwa bila binadamu kwenye usukani. Madai ya watu kujeruhiwa yalikuwa 2. Kwa madereva wa kawaida wa maeneo yale yangetarajiwa 26. Aliyewahi kukaa na mjane wa ajali ya barabarani akijaza fomu hawezi kuidharau hesabu hiyo. Lakini ilipimwa katika miji michache iliyochorwa ramani sentimita kwa sentimita, kwenye magari yanayotunzwa na kampuni yenyewe kila siku. Usiichukue ukaibandika kwenye barabara ya Kilwa.

Uingereza ilianza na majeruhi, na kwa maoni yangu ilianza mahali sahihi. Sheria yake ya mwaka 2018 inasema gari likisababisha ajali wakati linajiendesha, kampuni ya bima inamlipa aliyeumia kwanza, halafu ndiyo iende kugombana na mtengenezaji. Mama aliyevunjika nyonga hana haja ya kumwajiri mhandisi wa programu ili athibitishe ni mstari gani wa maandishi ya kompyuta uliokosewa. Wenye fedha na mawakili watavutana wao kwa wao, yeye akiwa ameshatibiwa. Sheria nyingine ya mwaka 2024, ambayo serikali ilipanga ianze kufanya kazi kikamilifu mwaka 2027, imeongeza kwamba aliyekaa kwenye kiti hashtakiwi kwa namna gari lilivyojiendesha, na jukumu hilo linabebwa na kampuni iliyoliombea gari kibali. Ujerumani tangu 2017 ililazimisha gari liweke kumbukumbu ya muda na mahali usukani ulipotoka kwa mtu kwenda kwa mashine na kurudi, na ikapandisha mara mbili kikomo cha fidia ya majeruhi na vifo, kutoka euro milioni 5 hadi milioni 10. Kwa kulinganisha, Sura ya 405 ya sheria za Kenya imemwekea mtu wa tatu kikomo cha shilingi milioni 3.

Sheria ile ya Uingereza ya 2018 ina kifungu kingine ambacho kingepaswa kutuamsha sisi kuliko wao. Bima inaruhusiwa kujivua kwa mwenye gari aliyebadilisha programu kinyume cha mkataba, au aliyeacha kuweka maboresho ya programu ambayo alijua, au alipaswa kujua, kwamba yanahusu usalama. Huku kwetu magari yenye kamera na rada yameshafika, tena kwa maelfu, kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Hayajiendeshi, ni ya ngazi ya 1 na ya 2. Yanafunga breki yenyewe yakiona hatari, yanakurudisha kwenye mstari, yanalia. Mara nyingi mwenye gari hawezi kusoma maelekezo kwa sababu menyu ni za Kijapani. Maboresho ya programu hakuna anayeyaleta. Na sehemu kubwa ya uwezo huo inategemea kamera iliyobanwa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo cha kutazamia nyuma.

Niliwahi kumtetea mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, aliyegongwa kwa nyuma na daladala karibu na Kibaha. Gari lake lilitoka Japani likiwa na kamera hiyo. Trafiki alipima, akachora, akaandika kama inavyoandikwa siku zote: aliyegonga kwa nyuma hakuacha nafasi. Bima ya daladala ikalipa. Dereva wa daladala, kijana mpole, alinifuata nje ya kituo. "Wakili, nakuapia Mungu, barabara ilikuwa nyeupe. Lile gari lilisimama kama limeona jini." Nilimjibu kwamba kila anayegonga kwa nyuma husema hivyo.

Wiki chache baadaye mama alikuja kuchukua nyaraka zake, na katika mazungumzo akagusia kwamba mwezi mmoja kabla ya ajali kokoto la lori lilikuwa limempasulia kioo cha mbele. Bima yake kubwa ililipia kioo na gundi. Fundi alifungua kamera, akapachika kioo kipya, akairudisha kamera mahali pake. "Ikawa inawaka taa ya njano kwenye dashibodi," alisema. "Fundi akaniambia, Mama, hiyo ni ya kamera tu, gari linakwenda." Kamera ikipinda upande kwa nyuzi 1, kitu kilicho mita 50 mbele kinaonekana kimehama kwa zaidi ya sentimita 80. Nguzo iliyo pembeni inaweza kuonekana imesimama njiani. Kioo kikibadilishwa, kamera inatakiwa isawazishwe upya kwa vipimo na vifaa maalumu, na gharama hiyo haikuwamo kwenye ankara iliyolipwa, kwa sababu aliyeikagua hakujua kwamba ipo.

Siwezi kuthibitisha kwamba kamera ndiyo iliyolisimamisha lile gari. Gari lilishatengenezwa, data haikusomwa na mtu yeyote, na mteja wangu alishalipwa. Kijana wa daladala alilipa faini na akapoteza kazi. Sikuwahi kumwuliza mama swali moja ambalo lingebadilisha kila kitu, na nilimwambia yule kijana neno ambalo nalijutia.

Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, inamlazimisha kila anayelitumia gari barabarani awe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Neno kutumia ni pana, na nadhani mahakama ikitaka italinyoosha mpaka lifunike hata gari lisilo na dereva. Kwa hiyo sioni haja ya kuisubiri sheria kubwa ya magari yanayojiendesha kana kwamba teksi za roboti zinashuka kesho Kariakoo. Yanayohitajika sasa ni madogo na yanawezekana kwa waraka wa mamlaka ya bima. Bima inayolipia kioo chenye kamera ilipie na kuisawazisha kamera, na gereji isiyo na vifaa vya kazi hiyo iseme hivyo kwa maandishi. Mkaguzi wa magari wa polisi awe na kifaa cha kusoma kumbukumbu za kompyuta ya gari kabla gari halijaguswa, na nakala ipewe pande zote, pamoja na yule anayelaumiwa. Na pale ambapo kuna shaka kwamba mashine ilishiriki, majeruhi alipwe kwanza, mabishano yafuate.

Hata wenzetu waliotangulia bado karatasi zao zinawaangusha. Septemba 2025 polisi wa San Bruno, California, waliisimamisha teksi ya Waymo iliyogeuza mahali pasiporuhusiwa, wakachungulia ndani, hakuna mtu. Hawakuweza kuandika faini, kwa sababu kitabu chao cha faini hakikuwa na kisanduku cha roboti.

Fomu yetu ya madai ina mahali pa jina la dereva, namba ya leseni, na mwaka aliopewa leseni hiyo. Haiulizi kama breki zilifungwa na mguu au na gari. Siku hizi naigeuza karatasi, na nyuma yake naandika kwa kalamu: kioo cha mbele kilibadilishwa lini, kilibadilishwa na nani, kuna taa ya njano inayowaka? Mteja wa mwisho niliyemwuliza alinitazama kidogo, akasema inawaka tangu alipolitoa gari bandarini.